HOTUBA YA MWENYEKITI SIKU YA KUTIMIZA MIAKA 10: MGONGO WA MTOTO HUFUNGWA KABLA MAMA HAJAJUA



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima hadi leo, siku ambayo kikundi chetu kinatimiza miaka 10. Wenzetu waliotangulia mbele ya haki, Mungu awalaze mahali pema. Tunakushukuru pia wewe Mgeni Rasmi kwa kuacha kazi zako na kuja kukaa nasi chini ya mwembe huu.

Habari za hisa, mikopo na mashine ya kukamua alizeti mmezisikia katika risala ya Katibu, na hesabu zimebandikwa pale ukutani, kila mtu akasome. Sisi katika nafasi hii tumeomba tuseme jambo moja tu. Mnaweza mkashangaa, jamani, kikundi cha kuweka na kukopa kinaongelea ubongo na mishipa ya fahamu ya mtoto? Ndiyo. Tunaongelea kwa sababu katika miaka hii 10 kosa letu kubwa kuliko yote halikuwa la fedha kupotea. Fedha zilikuwepo, zimefungiwa sandukuni kwa kufuli tatu, na sisi tukakataa kuzitoa.

TULIVYOMNYIMA MWENZETU

Ilikuwa mwaka wetu wa pili. Mwenzetu mmoja alijifungua salama mtoto wa kiume, analia vizuri, ananyonya. Lakini chini ya mgongo, juu kidogo ya makalio, palikuwa na uvimbe laini kama puto dogo lenye maji, na ngozi haikuufunika. Miguu yake haikuwa ikicheza. Walimwambia ampeleke hospitali ya mkoa upesi.

Mwenzetu hakuwa na nauli. Akamtuma dada yake kwenye mkutano wetu wa Alhamisi aombe Sh. 60,000 kutoka mfuko wa jamii. Mfuko ulikuwa na zaidi ya hizo. Tukafungua katiba. Katiba ilisema mfuko ni wa msiba na ugonjwa wa ghafla. Mmoja wetu akasema hili si ugonjwa, ni maumbile. Mwingine akasema mtoto wa namna hiyo haishi, fedha itapotea bure. Wengine, na tuseme ukweli mbele ya Mungu, tulinong'ona kwamba mama yake aliwahi kumcheka kilema, au kwamba ni vile vidonge vya uzazi wa mpango alivyokuwa akimeza zamani. Tukaamua asubiri mkutano wa Alhamisi inayofuata.

Hakusubiri. Aliuza mbuzi wake wawili kwa bei ya kutupa, akaondoka siku ya tisa. Alipofika, kidonda kilikuwa kimeshaingiwa na vijidudu, na vimepanda hadi kwenye utando wa ubongo. Madaktari walipigana naye wiki nyingi. Wakamfunga mgongo, kisha kichwa kikaanza kujaa maji, wakamwekea mrija mwembamba chini ya ngozi wa kuyateremsha maji kutoka kichwani hadi tumboni. Mtoto akapona. Leo ana miaka 8, yuko darasa la kwanza, na ndiye yule amekaa pale mbele na shati jeupe. Miguu haitembei. Madaktari walisema miguu ingekuwa hivyo hata kama angefika siku ya kwanza, kwa sababu mishipa iliharibika tangu tumboni. Lakini yale maambukizi yangeweza kuzuilika, na ndiyo yaliyomfanya awe mzito wa kushika masomo. Sehemu hiyo ni deni letu.

Mama yake ametupa ruhusa tuliseme hili hadharani. Amekaa hapa mezani, ndiye mtunza fedha wetu. Aliporudi kutoka hospitali hakututukana. Aliuliza swali moja tu mkutanoni: "Jamani, mimi nilikosa nini?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Wengi wetu tuliishia darasa la saba, na wengine la nne. Ndipo tukamwita muuguzi wa zahanati, akaja Alhamisi tatu mfululizo. Tuliyofundishwa, pamoja na mengine tuliyoyatafuta baadaye, ndiyo haya.

MGONGO UNAVYOFUNGWA

Muuguzi alivua kanga yake akaitandaza juu ya meza. Akasema: mtoto, wiki ya tatu tangu mimba itunge, ni kitu bapa, kidogo sana. Juu ya mgongo wake hutokea utepe mnene kidogo. Utepe huo ndio mwanzo wa ubongo, uti wa mgongo na mishipa yote ya fahamu. Kisha akainua kingo mbili za ile kanga kwa urefu, katikati pakawa na bonde kama mtumbwi. Akazileta kingo zikakutana juu. Kanga ikawa bomba.

Hivyo ndivyo inavyokuwa. Kingo za ule utepe huinuka, hukutana, hushikana, na kuwa mrija. Mshono huanzia sehemu za shingo, kwenye siku ya 22 hivi, halafu unakwenda pande mbili, mmoja kupanda kichwani, mwingine kushuka kiunoni. Mlango wa kichwani hufungwa karibu na siku ya 25. Mlango wa chini hufungwa siku ya 27 au 28. Baada ya hapo ngozi hufunika juu, na mifupa ya mgongo hujijenga kuzunguka mrija ule. Upande wa juu huvimba na kuwa ubongo, upande wa chini unabaki mwembamba na kuwa kamba ya fahamu ndani ya uti wa mgongo. Wakati huo mtoto mzima hafikii hata punje ya mchele.

Mlango wa juu usipofungwa, ubongo na fuvu havijengeki, na mtoto huyo hufia tumboni au huishi saa au siku chache tu. Mlango wa chini usipofungwa, ndio tunaita mgongo wazi. Mishipa inayokwenda miguuni, kwenye kibofu na kwenye haja kubwa inabaki nje bila kinga. Na mara nyingi, kwa sababu njia ya maji ya ubongo nayo huziba, kichwa hujaa maji.

Sasa akina mama tuhesabu pamoja, maana kuhesabu ndiyo kazi yetu. Siku 28 tangu mimba itunge, maana yake siku ulizotarajia kuona zimepita kama wiki mbili tu. Wengi wetu wakati huo tunasema labda ni uchovu, labda ni malaria. Kliniki tunakwenda lini? Mimba ya miezi minne, mitano, wengine wanaona haya mpaka tumbo lionekane. Pale tunapewa vidonge vya FEFO vya kuongeza damu, na ndani yake imo foliki asidi. Ni vizuri, tuvimeze vyote, damu tunaihitaji. Lakini kwa mgongo wa mtoto tumechelewa. Mlango ulishafungwa, au ulishabaki wazi, tangu miezi mitatu iliyopita.

Tuliposikia hivyo, mkutano mzima ulinyamaza. Mwenzetu aliyeuliza alikosa nini akaanza kulia. Kumbe jambo lilikwisha kabla hajajua kama ni mjamzito. Hakumcheka mtu, hakulogwa, na vidonge vya uzazi wa mpango havikuhusika.

FOLIKI ASIDI NI KITU GANI

Ni vitamini. Jina lake limetoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya jani, kwa kuwa wataalamu wa Marekani mwaka 1941 waliipata kwenye majani ya spinachi. Kabla ya hapo, daktari mmoja mwanamke, Lucy Wills wa Uingereza, alikwenda Bombay nchini India kuangalia kwa nini wanawake wajawazito, wafanyakazi wa viwanda vya nguo, walikuwa wakiishiwa damu. Mwaka 1931 aliandika kwamba kitu fulani kilichomo ndani ya hamira kiliwaponya. Kitu hicho kilikuja kujulikana ndicho hiki hiki. Tunapenda habari hii kwa sababu ilianza na mwanamke kuwasikiliza wanawake wenzake waliokuwa kazini.

Chembe za mwili zinapogawanyika haraka zinahitaji foliki asidi nyingi, na hakuna zinazogawanyika haraka kama za mtoto anayeumbwa. Uthibitisho mkubwa ulitolewa mwaka 1991. Madaktari wakiongozwa na Nicholas Wald wa Uingereza waliwafuata wanawake 1,817 katika nchi 7. Wote walikuwa wamewahi kupata mimba yenye tatizo hili. Nusu walipewa foliki asidi kabla ya kushika mimba nyingine, nusu hawakupewa. Wakazaliwa au kuonekana watoto 27 wenye tatizo: 6 kwa waliopewa, 21 kwa wasiopewa. Hesabu hiyo hata sisi tunaielewa.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri kila mwanamke anayetarajia kushika mimba ameze kidonge cha mikrogramu 400 kila siku, aanze kabla, na aendelee mpaka wiki 12 za mimba. Aliyewahi kuzaa mtoto wa mgongo wazi apewe kipimo kikubwa zaidi, na hicho kinaandikwa na daktari, asijipimie mwenyewe.

Lakini tusidanganyane, vidonge havizuii kila tatizo. Mengine yanatokana na damu ya ukoo, mengine na kisukari cha mama, mengine na baadhi ya dawa za kifafa. Mwenye kifafa asiache dawa yake, ni hatari, bali amwone daktari kabla ya kubeba mimba ambadilishie. Na wapo wanaofanya yote sawasawa na bado mtoto anazaliwa hivyo. Kwa hiyo asitokee mtu hapa akachukua somo hili akaenda kumwambia mama mwingine, "ungemeza vidonge." Tulishamsema mwenzetu mara moja, inatosha.

KAZI HAIISHII KWENYE MSHONO

Mrija ukishafungwa, kazi ndiyo kwanza inaanza. Chembe za fahamu huzaliwa kwa maelfu kila dakika, kisha zinahama, kila moja kwenda mahali pake. Mtu mzima ana kama bilioni 86 za chembe hizo kichwani. Mtafiti wa Brazil, Suzana Herculano-Houzel, na wenzake ndio walitoa hesabu hiyo mwaka 2009. Mtunza fedha wetu anasema hajawahi kuandika namba kama hiyo kwenye daftari lake.

Nyingi kati ya hizo mtoto anazaliwa nazo. Kinachokuwa bado ni kuunganishwa. Ubongo wa mtoto mchanga ni kama robo tu ya wa mtu mzima kwa uzito. Afikapo miaka miwili umeshafika robo tatu au zaidi. Miaka hiyo miwili chembe zinashikana mikono, kila anapoguswa, anaposemeshwa, anapoimbiwa. Njia inayotumika inaimarika, isiyotumika inafutika, kama njia ya kwenda kisimani inavyoota majani watu wakiiacha. Mishipa nayo inavishwa utando wa mafuta, kama waya wa umeme unavyovishwa plastiki, ili habari zipite haraka. Kazi hiyo inaendelea hadi kijana avuke miaka 20. Bibi zetu walijua mtoto anakaza shingo kwanza, halafu anakaa, halafu anatembea. Sasa tunajua kwa nini: ubongo unaanza kuimudu misuli ya juu, kisha unateremka.

Mengine yaliyo mikononi mwetu ni madogo. Chumvi iwe yenye madini joto, maana yakikosekana wakati wa mimba akili ya mtoto inadumaa. Pombe iachwe kabisa kwa mjamzito. Maziwa ya mama. Na kusema na mtoto, hata kama hajibu.

Kichwa kujaa maji nako si lazima mtoto azaliwe nako. Kule Mbale, Uganda, daktari Benjamin Warf, mwanzoni mwa miaka ya 2000, aliona kwamba zaidi ya nusu ya watoto aliowatibu kichwa kilianza kujaa baada ya maambukizi ya utotoni. Huko huko ndiko alikoboresha namna ya kufungua njia ya maji ndani ya ubongo, ili watoto wengi wasihitaji mrija. Kwa hiyo mtoto mchanga akipata homa au kitovu kikitoa usaha, msimpake dawa za kienyeji, mkimbizeni zahanati. Na mkiona kichwa kinakua haraka, utosi umevimba, macho yanatazama chini muda wote, msingoje.

TULICHOBADILISHA NA TUNACHOKUSUDIA

Kwanza, katiba. Tangu mwaka wa tatu, fedha ya mtoto mchanga hutolewa siku hiyo hiyo kwa sahihi tatu, bila mkutano. Tumeitumia mara nne, na watoto wote wanne wako hai. Kila mwanachama ameshafundishwa kwamba mtoto wa mgongo wazi hulazwa kifudifudi au kwa ubavu, kidonda hufunikwa kwa kitambaa safi chenye maji ya chumvi ya hospitali, na safari inaanza siku hiyo, maana upasuaji unafaa ndani ya siku mbili tatu za mwanzo. Hospitali kubwa kama MOI pale Muhimbili na Bugando Mwanza zinafanya kazi hiyo.

Pili, chakula. Mchicha, matembele, kisamvu, kunde, maharage na choroko vina vitamini hii, lakini inaondoka na maji na moto mwingi. Mboga isichemshwe mpaka ikawa nyeusi, na yale maji yasimwagwe.

Tatu, unga. Kanuni za serikali za mwaka 2011 ziliagiza viwanda vikubwa vya unga wa ngano na mahindi viongeze virutubishi, foliki asidi ikiwemo. Kenya nayo ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2012, na Marekani ilianza mwaka 1998. Tatizo ni kwamba sisi hatuli unga wa kiwandani. Tunasaga mahindi yetu kwenye mashine ya hapa hapa, na mashine hiyo haiongezi kitu. Kwa hiyo sheria nzuri hiyo inapita barabarani na kutuacha, na vidonge ndiyo njia yetu kwa sasa.

Nne, na hili ndilo tunaloomba wanachama mlipitishe leo kabla ya ngoma. Tunapendekeza kila mwanachama aongeze Sh. 200 kwa mwezi kwenye mfuko wa jamii, fedha hiyo inunue vidonge vya foliki asidi vya mabinti wanaoolewa na mama yeyote anayetaka kuzaa tena. Vitatolewa kwa ushauri wa muuguzi wetu. Hatutauliza mtu anataka kuzaa lini, hiyo ni siri yake na mumewe. Anayetaka atachukua. Tunajua wapo watakaosema tunawafundisha wasichana mambo kabla ya wakati wake. Tunawajibu kwamba mgongo wa mtoto hausubiri ndoa wala hausubiri kliniki.

Nawe Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. La kwanza, utusaidie vidonge hivi viwepo zahanati kwa wanawake ambao bado hawana mimba, siyo kwa wenye kadi ya kliniki peke yao. La pili ni la shule. Mtoto wetu anafikishwa darasani kwa mgongo wa mama yake, kila asubuhi. Mlango una ngazi tatu, choo kina tundu asilolifikia. Mama yake alifundishwa hospitalini kumtoa mkojo kwa mpira safi kila baada ya saa chache, na hana pa kufanyia ila nyuma ya ukuta. Sisi tumeshachangishana mifuko 6 ya saruji, na waume zetu wameahidi mchanga na kokoto. Tunaomba fundi, na choo kimoja chenye mlango mpana.

Na nyinyi akina baba mliosimama kule nyuma, msidhani haya ni ya akina mama tu. Yule mwenzetu, mumewe hakumkimbia. Alikaa naye hospitali akilala chini sakafuni wiki zote zile. Wapo waliokimbia kwa jambo dogo kuliko hilo, wanajijua.

Ndugu zetu, miaka 10 tumejifunza kutunza fedha. Katika mwaka ule wa pili tulizitunza vizuri mno, tukasahau zilikuwa za nini. Mama mtunza fedha, mbele ya wageni wote hawa, sisi sote tunakuomba radhi kwa mara nyingine. Na wewe mtoto wetu, tunakuomba radhi.

Sasa Katibu atasoma pendekezo, tupige kura kwa kunyoosha mikono.

Umoja wetu udumu.